Kijino cha Ndoana

Sanduku lile lilikuwa na ngazi ndani yake. Ukifungua kifuniko, vyumba vidogo vinapanda vyenyewe, na katika kila chumba amelala samaki wa plastiki, kapakwa rangi, ana macho makubwa kuliko ya bibi harusi. Jirani yangu aliliweka juu ya kitambaa cha mteja wangu, pale kwenye cherehani yangu, Troyeville, Johannesburg, bila hata kuomba radhi. Hapo nikajua ana shida. Ilikuwa mwaka 2017, mwezi wa tatu, mvua zimekwisha kulijaza bwawa la Vaal baada ya ukame mrefu.

Jirani huyo alikuwa Mkongo wa Kalemie, mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mlinzi wa lango la nyumba za matajiri huko kaskazini mwa jiji. Mimi ni mtu wa Ujiji. Ziwa letu ni moja, yeye ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii, na tulitaniana kila siku juu ya nani kamwibia nani samaki. Lakini nilimjua vizuri. Baba yake alikuwa karani wa reli. Alikulia hatua chache kutoka majini akitazama mabehewa, na hakuwahi kushika mshipi maishani mwake.

Sasa tajiri mmoja kati ya wale aliowafungulia lango alikuwa amemuuliza anatoka wapi, naye akajibu kwamba anatoka kwenye ziwa kubwa. Tajiri akafurahi. Alikuwa na mashua ya injini kule Vaal, na alitafuta mtu wa kuitunza na kumfungia mishipi ya kukokotwa nyuma ya mashua. Kulikuwa na chumba cha matofali kando ya maji, na kazi yote ilikuwa ya mchana.

"Mi sikusema niko mvuvi, Muzee," aliniambia. "Nilisema ziwa tu. Yeye ndiye alimaliza sentensi."

"Nawe ukamwacha aimalize."

"Nikamwacha."

Ningemcheka zaidi, ila kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi hata akinyamaza. Alikuwa amesimama langoni usiku kwa majira matatu ya baridi, na baridi ya Johannesburg haina adabu. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia wazi kwamba kifua kile hakitavumilia majira mengine ya nje. Jumamosi ya pili kutoka siku ile angepelekwa majini kujaribiwa; tajiri alikuwa amempa sanduku alitayarishe, naye alitaka mimi nimfundishe kabla ya siku hiyo.

Nilianza kwa kukagua vifaa vya tajiri, na Mungu anisamehe, sikuweza kuizuia midomo yangu. Marehemu baba yangu alikamata sangala wenye uzito wa mtoto wa shule kwa kijiko cha chai kilichokatwa mkia, akakitoboa na kukitundika ndoana. Bwana huyu alikuwa na samaki wa uongo wa kila rangi, hata rangi ambazo Muumba hakumvika kiumbe chochote cha majini. Jirani akanieleza kuwa mashuani kuna hata televisheni ndogo inayoonyesha samaki walipo. Nikamuuliza, kama amekwisha kuwaona, bado anawatafutia nini? Pia kulikuwa na shati la kuvulia, lenye mifuko mbele, ubavuni na mgongoni. Mtu mwenye mifuko mingi hivyo, nikasema, amekwisha kupoteza kitu na hajui alikiweka wapi.

Hata hivyo, katika utajiri wote ule, mishipi ilikuwa imefungwa kama viatu vya mtoto. Hapakuwa na kile kipete kinachozunguka kati ya mshipi na chambo, kwa hiyo kila samaki wa plastiki alipojizungusha, mshipi mzima ulijisokota mpaka ukawa kama nywele za mwendawazimu. Vipete vilikuwamo sandukuni, vimejaa tele, havijaguswa.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Fundo hulowanishwa kwa mate kabla ya kukazwa, la sivyo nailoni huungua na kukatika siku ya neema. Chubwi, risasi ile ya kuzamisha mshipi, hukaa mbali na chambo, lisimtishe samaki. Mishipi minne haiachiwi sawa: miwili ya pembeni huenda mbali, miwili ya kati hukaa karibu, ili mashua ikigeuka isikumbatiane. Kwa kuwa hakujua kupima kwa mikono, nilitumia kazi yangu. Kila pima kumi nilifunga uzi wa cherehani, mwekundu, kisha wa kijani, kisha mweupe. Tulifanya mazoezi uani, yeye akitembea mbele na nyuzi nne zikimfuata, akigeuka kwenye kamba ya nguo. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akianika alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha akauliza kama soksi zinakula asubuhi au jioni.

Jambo la mwisho nililomfundisha lilikuwa la dini zaidi kuliko la uvuvi. Samaki hachinjwi, lakini hateswi. Nikamwambia: akipanda tu mashuani, mpige rungu kichwani, mara moja, kwa huruma.

Jumamosi ile alirudi mapema, amebeba mfuko wa plastiki, uso umemshuka. Akanisimulia. Asubuhi nzima mishipi haikusokotana hata mara moja, ingawa tajiri aligeuza mashua kama mtu aliyekosa robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Kisha mshipi wa mbali ukavutwa, akapanda samaki mkubwa wa manjano. Tajiri akatoa simu apige picha. Jirani yangu, mwanafunzi mtiifu, akatoa rungu.

Tajiri alivua kofia kama mtu aliyefika msibani. Kumbe kwao samaki yule huinuliwa, hupigwa picha, wengine hata humbusu, kisha hurudishwa majini akaponye mdomo wake. Wamwamshe kiumbe wa Mungu, wamburute kwa ndoana mdomoni, kisha wamwombe msamaha kwa busu. Nilisema maneno mengi siku ile juu ya watu wanaocheza na riziki, na sikujuta. Tulimpika samaki mwenyewe. Alikuwa na mifupa kama mto wangu wa pini.

"Basi umefukuzwa," nilimwambia.

Hakuwa amefukuzwa. Njiani kurudi tajiri alisema hajawahi kupata mtu wa mishipi kama yule. Kazi ni yake, kwa sharti moja. Rungu libaki nyumbani, na kila ndoana ifinywe kile kijino kinachomzuia samaki kuchomoka. Sanduku alilileta tena, juu ya kitambaa kilekile.

Nilikataa. Nilimwambia ndoana bila kijino ni uongo juu ya uongo, na kwamba sitatia mkono katika upuuzi ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akajifuta mdomo.

"Yule samaki anarudi mu maji, Muzee. Na mi ninarudi mu kitanda, usiku, kama mutu. Sasa nani anapoteza?"

Nilichukua koleo langu la kubania vifungo. Nikasema bismillahi, ingawa sijui niliisema kwa ajili ya nini, nikaanza kufinya vijino, kimoja baada ya kimoja, huku nikiendelea kunung'unika. Ndoana moja iliteleza ikanichoma kidole, ikazama. Niliivuta. Ilitoka yenyewe, bila kung'ang'ania, na damu ilikuwa tone moja.

Jirani alikitazama kidole changu kwa makini.

"Unaona? Hata wewe umerudishwa mu maji."

Nikamwambia anyamaze, anisogezee sanduku.