Usingizi wa Mchana

Mshona mapazia alikuwa kitinda mimba. Ndugu zake walipokwenda kuanza maisha yao, yeye ndiye aliyebaki na baba. Mzee alikuwa tarishi mstaafu. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, lakini ulimi wake haukustaafu. Binti akahamishia cherehani chumbani kwa mzee, wakawa wanashinda wakitaniana.

"Mwanangu, pazia hilo limekwenda upande kama kofia ya mlevi."

"Baba, macho yako ndiyo yamekwenda upande. Lala."

Vumbi la vitambaa lilimletea binti mzio, chafya juu ya chafya, na kwa miaka mingi alimeza kidonge kimoja kila siku baada ya chakula cha mchana. Alikizoea hata akasahau kwamba ni dawa. Kisha majira ya baridi mafua ya kweli yakamshika. Pua iliziba, kichwa kikawa kinagonga kama nyundo. Akapita duka la dawa la pale kona.

"Kaka, nipe kitu cha mafua. Nina mapazia ya watu, yanatakiwa kesho."

Muuzaji akampa pakiti. Hakuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, wala binti hakukumbuka kukitaja kidonge chake. Mchana ule akameza kidonge chake cha siku zote, na viwili vya mafua juu yake.

Alikumbuka kutunga uzi kwenye sindano, basi. Aliposhtuka, shavu lake lilikuwa juu ya kitambaa na jua limekwishahama dirishani. Baba alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na meza yenye jagi la maji.

"Baba! Mbona hukuniita?"

"Nimekuita, mwanangu. Nikaona umechoka, nikakuacha."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini, mfamasia, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alizigeuza pakiti zote mbili akasoma nyuma.

"Majina ni tofauti, dada, lakini ndani mna dawa ileile, na hiyo huleta usingizi. Umejizidishia bila kujua."

Binti alimweleza baba yote, pale pale kitandani, huku akilia. Mzee akamshika kidole gumba, maana mkono mzima ulimshinda.

"Kumbe ulikuwa mgonjwa, nami nakusumbua kwa maji."

Wiki ya tatu mapafu ya mzee yakajaa maji, naye akaenda zake alfajiri.

Msibani shangazi alimkumbatia, akasema ajali haina kinga. Akaitikia, "Ndiyo, shangazi," kwa adabu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuthubutu kumuuliza baba wakati yu hai, na sasa hapakuwa na wa kumjibu: siku ile aliita mara ngapi, na kwa sauti gani, kabla hajaamua kuyafuata maji mwenyewe.