Upande Uliopinduka Ulikuwa Wangu

Mwezi uliopita mwalimu wa hesabu aliingia dukani kwangu hapa Kashikishi akaniomba kitu ambacho sijaombwa tangu nianze kuuza vinywaji: vifuniko vya chupa. Si soda, vifuniko vitupu. "Bamayo," aliniita, yaani mama, "nikipata mfuko mmoja, wanafunzi wangu watajifunza hesabu ya shansi, ya bahati." Nilicheka. Mimi niliishia darasa la nne, nikajenga nyumba ya matofali na duka lenye friji mbili, na sikujua kama shansi ina hesabu. Bon, haya, nikajaza mfuko. Na kwa vile mimi si mutu wa kutoa kitu bila kuona kinakokwenda, nikaubeba mwenyewe mpaka shuleni Nchelenge.

Njiani vile vifuniko vilikuwa vinalia mfukoni, na mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi kwa mawazo Puta, kijiji cha utoto wangu.

Kule tulilelewa na kambo, mama ya mama yetu, mimi na yaya, dada yangu mkubwa. Kambo alikuwa amevuka ziwa kutoka Kongo na sufuria moja. Uwanja wetu ulinuka chisense, wale samaki wadogo tuliowaanika mchangani tukiwafukuzia kunguru. Jioni tulikula bukari, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza: nani ataosha sufuria? Ilikuwa nyeusi kwa masizi, na bukari imegandia ndani. Kambo alipochoka na kelele zetu, aliokota kifuniko cha chupa pale ufukweni, wafanyabiashara walipokuwa wakinywea bia, akasema kuanzia leo hicho ndicho kitaamua.

Kikianguka mdomo juu, tuliita mtumbwi. Kikijifunika, tuliita mtumbwi uliopinduka. Ambaye upande wake ulitoka aliponea, mwenzake akaosha. Yaya, kwa ukubwa wake, alichukua mtumbwi. Katika nyumba inayokula kwa ziwa, nani ataomba uliopinduka? Ukawa wangu. Na sufuria ikawa yangu, jioni hii, na ile, na nyingine tena. Nilisugua kwa mchanga na majivu huku yaya akiimba. "Weye na ile sufuria munaoana lini?" aliniuliza. Jirani naye, akipita na ndoo yake ya maji kichwani: "Leo tena, mutoto wa mukosi?" Kambo hakutetea mtu. "Mungu njo anakitupa," alisema, "miye nafungua mukono tu." Nikaamini. Kuna watu wenye shansi na kuna mimi.

Shule ya Puta iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea alihitaji kwenda Nchelenge, na kwa shangazi yetu kule palikuwa na nafasi ya mkeka mmoja. Yaya alikuwa amemaliza mbele yangu, akabaki nyumbani akimsaidia kambo mpaka nami nikamaliza. Wasichana wawili, mkeka mmoja. Kambo alikataa kuchagua. Akatoa kifuniko.

Yaya akanigeukia. "Leo chagula weye," akasema. "Chukua mtumbwi."

Nikawaka. Miaka yote ananicheka, leo ananihurumia? "Ile ya kupinduka njo yangu. Sitaki huruma yako."

"Chukua, mudogo yangu. Nakuomba."

"Nimekatala!"

Kambo alitupa. Kifuniko kikakaa mchangani mdomo juu. Yaya alifunga nguo zake akilia, na mimi nikajiuliza: huyu aliyeshinda analilia nini?

Basi, darasani mwalimu aligawa vifuniko, akauliza upande gani utatoka zaidi. Wote wakapiga kelele: nusu kwa nusu, pande si mbili? Hata mimi mlangoni ningesema hivyo. Wakatupa, wakatupa, sakafu nzima ikalia, na mwalimu akichora alama ubaoni kwa kila kifuniko. Alama za mdomo juu zikateremka mpaka ubao ukamwishia. Zile za kupinduka zilibaki nyuma, chache kama meno ya kizee.

"Pande mbili hazina maana ya shansi sawa," akasema. "Lakini usitupe mara moja ukajifanya umejua. Tupa sana, ndipo useme."

Nikaketi kwenye kizingiti. "Mwalimu, mutoto anayeangalia kila jioni, bila kuandika, anaweza kujua?"

"Akiwa na macho, bamayo, atajua."

"Na kikitupwa mara moja tu?"

"Hapo hata kilichopinduka kinaweza kutoka. Ila mimi nisingekichagua."

Wanafunzi wakacheka. "Bamayo apewe dawati!" Nikawaambia wanyamaze, dawati langu ni duka.

Sisemi niliibiwa. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe, na sina deni kwa mutu. Ila yaya, aliyesoma mpaka akawa muuguzi, sasa amelala kaburini Mansa. Uwanja wa kambo umeota majani. Wajukuu wangu wakigombania vyombo, wanakimbilia simu zao ziwaamulie. Hakuna tena anayekumbuka mtumbwi. Na mimi nimezeeka ndipo nikaelewa yale machozi. Yaya alijua. Alikuwa ameangalia mikono yangu yenye masizi jioni zote zile, na siku moja iliyokuwa na maana alinipa upande wake. Mimi nikaukataa kwa ubishi.

Nilibakiza kifuniko kimoja, nikakifunga kwenye pindo la kitenge. Jioni ile, sufuria zikiningoja uani, nilikirusha juu, na kabla hakijagusa chini nikasema kwa sauti:

"Mtumbwi, yaya. Nimeuchukua."