Siku Nyanya Alipopanda Mwamba wa Tororo

Baba yangu alipenda historia, na historia ilituumiza mbavu. Jumapili ambayo lori lake halikuwa na mzigo wa kuvusha mpaka, alitupakia kwenye pikapu kuukuu, mama, kaka yangu na mimi, akatupeleka kuona mambo. Ndivyo alivyosema: kuona mambo. Tuliona stesheni ya zamani ya reli kule Tororo, tukaona makaburi ya wamisionari yaliyomezwa na majani, tukaona hata jiwe la mpaka hapa hapa Busia, ambalo tulilipita kila asubuhi tukienda kununua mkate. Tukifika, alitueleza habari za mahali kwa sauti ya mwalimu, kisha akauliza maswali. Aliyekosa alipigwa. Pale kwenye jiwe la mpaka kaka yangu alikosa jibu. Kofi likatoka Uganda, naye akaangukia Kenya. Watu wa pande zote mbili walicheka. Hadi leo mtu akinisimulia jambo hilo kama kichekesho, namkatiza.

Sisi tulipigwa kwa kukosa. Mama alipigwa kwa kupatia. Alikuwa amesoma kumzidi baba, kidogo tu, lakini kidogo hicho kilimkaa baba kooni kama mwiba wa samaki. Tukirudi nyumbani mlango wa chumba chao ulifungwa, nasi tulisikia kila kitu. Mara kadhaa mama alikimbilia kwao, chini ya vilima vya Osukuru, jicho limefumba. Wazee wa ukoo wake walikaa, wakanywa, wakamrudisha. Ng'ombe wa mahari wameshaliwa, walimwambia, na mume kumrekebisha mkewe si habari. Mara ya mwisho walimrudisha mkono wake ukiwa bado na bendeji. Nikaanza kuamini kwamba katika mojawapo ya safari zetu baba atamuua.

Mama naye aliamini hivyo, nadhani, maana alibuni ujanja. Baba alipoitaja safari ya Mwamba wa Tororo, mama alisema mamake ameuona mwamba ule maisha yake yote wala hajaupanda, na angependa kwenda nasi. Baba hakuwa na namna ya kukataa. Upande wetu mwanamume na mama mkwe wake huogopana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Kumpiga mke mbele ya mamake ni aibu ambayo hata baba alikuwa hajaifikia. Na kumgusa mama mkwe mwenyewe, hata kwa bahati mbaya, ni jambo la kuitisha wazee na kuchinja.

Tulimchukua nyanya kwake. Kwa kuwa hangeweza kukaa karibu na mkwewe, alipanda nyuma ya pikapu, akaketi juu ya mkeka, leso imemfunika uso, mama ubavuni pake. Siku hiyo baba aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, kana kwamba amebeba mayai. Hakumtukana mwenye bodaboda hata mmoja. Nilitamani tusafiri hivyo siku zote.

Penye mwamba kukazuka mgogoro wa ngazi. Sehemu za juu ni mwinuko mtupu, na watu hupanda kwa ngazi za chuma zilizofungwa kwenye jiwe. Nyanya akitangulia, mkwewe atakuwa chini yake akitazama juu, jambo ambalo hata kulifikiria ni dhambi. Baba akitangulia, wakati wa kushuka atakuwa juu ya kichwa chake. Nilitumwa huku na huku kama balozi, maana wenyewe hawasemezani. Wakaafikiana kwamba baba atapanda kwanza mpaka kileleni, ndipo nyanya aanze. Kushuka, nyanya atashuka kwanza, na baba hataigusa ngazi mpaka mkwewe awe ardhini.

Kwa hiyo tulifika juu tukiwa wanne. Nyanya alikuwa amebaki chini ya ngazi ya mwisho, akipumzika. Kileleni tulikuta wanafunzi na mwalimu wao, na baba akiona wasikilizaji hupandisha sauti.

"Hiyo milima mnaona pale," alisema akinyoosha kidole, "hiyo ni Kenya. Mzungu alikuja akachora mpaka juu pale pale."

Mama alikuwa akitazama upande ule ule, amekinga jua kwa kiganja. "Hapana," alisema. "Pale ni Osukuru. Pale ni kwetu."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa amefurahi tu kupaona nyumbani kutoka juu. Wanafunzi wakacheka.

Baba alicheka pamoja nao. Alingoja mpaka mwalimu wao alipowapeleka upande wa pili, kwenye minara ya simu. Akatazama ngazi, hapakuwa na mtu. Kofi la kwanza lilimgeuza mama uso. La pili lilikuwa ngumi. Mama alipiga magoti juu ya jiwe, baba akamkamata nywele, akaanza kumburuta kuelekea ukingoni.

"Onyesha tena kwenu," alimwambia, kwa sauti ya chini. "Onyesha vizuri."

Kaka yangu aling'ang'ania mguu wa baba, akapigwa teke la kifua akabingirika. Mimi niliuma mkono ulioshika nywele. Nilionja chumvi na dizeli, nikatupwa. Magoti ya mama yaliacha ngozi juu ya mwamba. Ukingo ulikuwa karibu, na ng'ambo yake hapakuwa na kitu ila upepo.

Kichwa cha nyanya kikachomoza kwenye ngazi. Hakukimbia. Alifungua leso, akaitupa, akamwendea mkwewe uso wazi, akasimama kati yake na bintiye. Ngumi ilikuwa imeshainuliwa; ikashuka mdomoni mwake. Nilisikia jino likivunjika.

Baba aliachia nywele. "Mama, mimi sikuona wewe," alisema, macho chini. Sikuwahi kumsikia akimsemesha.

"Umenigusa," nyanya alijibu. "Umenitoa damu." Kisha akamgeukia mama. "Shuka."

Tulishuka. Baba alisimama juu akiita, "Mama watoto, ngoja kwanza," lakini hakuweka mguu kwenye ngazi, kwa kuwa mkwewe alikuwa chini yake. Mtu aliyemburuta mkewe kwa nywele mpaka penye kifo aliogopa vyuma vya ngazi. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa ngumi zote.

Chini, mwuza mahindi alitupatia maji. Nyanya alisukutua, akatema nyekundu. Mama alikuwa akilia.

"Mama, kwa nini umeingia kati? Angalia mdomo yako."

"Mimi nilikuwa hapo chini ya ngazi," nyanya alisema. "Kofi ya kwanza nimesikia."

Mama akamgeukia. "Umesikia?"

"Yote nimesikia. Nikangoja kidogo." Akatema tena. "Wewe ukipigwa, wazee wanasema rudi. Nikifika mapema, yeye anaacha tu, na kesho anakupiga. Sasa nakwenda kwa wazee na mdomo hii. Nataka kuona nani atasema rudi."

Hakuna mzee aliyesema rudi. Damu ya mama mkwe haina ng'ombe wa kuifuta, na mama yu hai hadi leo. Lakini pale chini ya mwamba hakumshukuru mamake. Alishika magoti yake yaliyochunika, akamtazama kama anayemtambua upya. Bodaboda mbili zilipokuja, alitupandisha mimi na kaka yangu kwenye ya kwanza, akapanda nasi, akamwacha nyanya apande ya nyuma peke yake.