Niliyemvuta Shavu Nikidhani ni Roboti

Nimechoka kubeba matofali Ihumwa, ndiyo maana wiki iliyopita nilikwenda kuomba kazi ya kufagia kwenye maabara wanakochunguza jinsi watu wanavyozungumza na roboti. Shule niliiacha mapema, lakini udadisi haujaniacha.

"Subiri humo ndani," dada wa mapokezi aliniambia. "Roboti yumo."

Nikamkuta mzee wa suti ameketi, katazama ukuta, hatikisiki. Sikumwamkia, nani anaamkia mashine? Nikamvuta shavu.

"Duh, mpaka vinyweleo wameweka."

Nikaanza kupapasa kisogoni kutafuta swichi. Ndipo kitu kama ndoo pale mezani kikawasha macho, kikasema, "Karibu, mgeni."

Mzee akauondoa mkono wangu taratibu.

"Marahaba, kijana," akasema. "Haya, nieleze hiyo kazi uliyokuja kuniomba."