Gadi Aliyeachwa na Treni

Watu walimwita Bwana Dakika, na hata wasiompenda walikubali kwamba jina limempata mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa gadi wa treni ya abiria, yule mtu wa mkiani mwenye kipenga na bendera ya kijani, ambaye asipopuliza na kupunga treni haiendi. Dereva awe na haraka za namna gani, abiria wa daraja la kwanza awe na tumbo la ukubwa gani, wote walimngoja yeye. Sebuleni kwake, pale ambapo wenzake hutundika picha ya harusi, alitundika barua ya pongezi kwa kutochelewesha treni hata siku moja. Picha ya harusi ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Ilikuwa chumbani, nyuma ya mlango.

Alikuwa na misemo miwili, na familia nzima iliijua kuliko sala. Wa kwanza: treni haimsubiri mtu. Huu aliutoa kwa aliyechelewa mezani, aliyechelewa bafuni, hata kwa kuku aliyechelewa kuingia bandani. Wa pili ulikuwa kanuni ya kazi: treni haiondoki bila gadi wake. Mkewe, fundi cherehani ambaye hakuwa mvivu wa maneno, alimuuliza siku moja kama gadi naye si mtu. Akajibiwa kwamba gadi ni gadi.

Mke huyo alikuwa na lake moyoni. Miaka ishirini na minane nyuma alisafiri kwenda kwao kumwonyesha mama yake mtoto wa miezi mitano. Treni ilikuwa ya mumewe, kwa hiyo alijiona kama amepanda gari la nyumbani. Kwenye stesheni moja ya katikati akashuka, mtoto mgongoni, kwenda bombani kujaza chupa. Anarudi, mume huyo hapo mkiani, saa mkononi. Wakatazamana. Zilikuwa zimebaki hatua sita, na tangu siku hiyo mama wa watu hajawahi kusema tano wala saba. Gadi akatazama saa yake, akapuliza kipenga. Mzigo ukaenda zake, mwenye mzigo akabaki na mtoto na chupa ya maji mpaka treni ya kesho yake. Walipoonana akamuuliza ilikuwaje, naye akamjibu kwa ule msemo wa kwanza.

Mke alisamehe. Lakini kusamehe ni jambo moja na kunyamaza ni jingine. Hakuna mgeni aliyekunywa chai nyumba ile akaondoka bila kusimuliwa hatua sita, na Bwana Dakika alijifunza kukitazama kikombe chake mpaka kisa kiishe. Kuomba radhi hakuwahi. Aombe radhi ya nini, na ratiba ilikuwa upande wake?

Basi akastaafu. Na yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye kazi yake katika mji wa mbali, akajifungua mtoto wa kwanza. Likizo ya uzazi ilikuwa inaisha Jumatatu. Mumewe alikuwa kikazi mbali zaidi, mtu wa kumwachia mtoto hakuna, na ofisini walishamwambia wazi kwamba asiporipoti siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine.

"Mama, njooni," alisema kwenye simu. "Sina mwingine. Treni ya Ijumaa, halafu basi la saa tisa na nusu. Likiwapita hilo, lingine ni Jumanne, na mimi nitakuwa sina kazi."

"Tutafika," mama yake alisema.

"Na baba asilete mambo yake."

Ijumaa saa moja asubuhi Bwana Dakika alikaa kwenye kiti cha abiria kwa mara ya kwanza maishani, na hakujua mikono aiweke wapi. Stesheni ya kwanza alitoa kichwa dirishani akawafokea watu wafunge milango. Ya pili, mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kipenga alichopewa siku ya kuagwa kazini, na kabla hajajishauri akawa amekipuliza. Dereva, ambaye masikio yake yamefundishwa sauti hiyo, akaondoa treni. Gadi wa treni hiyo alikuwa bado yuko chini anasaini karatasi. Alilikimbilia behewa la mbele akining'inia mlangoni, kisha akaja kumtafuta mkosaji behewa kwa behewa, kofia ikiwa imegeuka nyuma mbele.

Mke hakungoja afike. Alikichukua kipenga, akakitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Kaa chini, mzee wangu," alisema. "Umestaafu wewe, siyo treni."

Akakaa. Alikaa vizuri kabisa mpaka saa sita mchana, treni iliposimama kwenye stesheni ndogo ya jukwaa fupi na matangi mawili ya maji. Akavua koti lenye simu na tiketi, akalitundika, akamwambia mkewe anashuka kunyoosha goti.

Goti alilinyoosha, hilo ni kweli. Lakini hapo ndipo mtu anapotakiwa kujua gadi wa zamani alivyofanya kazi. Gadi hakupanda treni kama watu wengine. Alisimama jukwaani, akapuliza, akaiacha ianze taratibu, na mabehewa yakampitia mbele yake moja moja huku anakagua magurudumu na milango. La mwisho lilikuwa lake. Likimfikia, alidaka chuma, mguu kwenye kidato, huyo ndani. Treni ndiyo iliyomfuata. Alifanya hivyo maelfu ya mara, mpaka ikawa kama kupiga chafya.

Kwa hiyo kipenga cha yule gadi mpya kilipolia, Bwana Dakika hakushtuka. Alinyooka, akaweka mikono nyuma, akaanza kukagua. Behewa la kwanza, sawa. La pili, mlango mmoja haujafungwa vizuri, aibu hiyo. La tano likapita na mkewe dirishani, akipiga kioo kwa ngumi zote mbili na kusema neno ambalo halikusikika, naye akamwinulia mkono kwa heshima, kama alivyozoea kuwaaga abiria. Likaja la mwisho. Akanyoosha mkono adake chuma.

Chuma hakikuwepo. Wala kidato. Tangu alipostaafu, gadi hukaa mbele karibu na dereva, na mkiani hufungwa behewa la vifurushi, bati tupu pande zote, limefungwa kwa kufuli. Mkono wa Bwana Dakika ulipapasa bati hilo kama mtu anayetafuta swichi gizani, kisha bati likaisha, na kilichobaki mbele yake kilikuwa reli mbili.

Alisimama pale muda mrefu. Aliamini kabisa kwamba itarudi.

"Mzee," alisema steshenimasta, mwanamume mnene aliyekuwa ameshuhudia yote, "ulikuwa unakwenda au unasindikiza?"

Ofisini walimpa kiti. Steshenimasta akamwambia ataje namba ya mkewe wampigie. Hakuijua. Namba yake mwenyewe je, maana simu iko kwenye koti? Nayo hakuijua. Lakini alimtajia steshenimasta saa ya kufika na kuondoka kwa kila treni iliyopita pale kwa miaka thelathini, pamoja na zile zilizofutwa. Steshenimasta alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kuna treni ya mizigo inakuja nyuma. Anaweza kumwombea nafasi kwenye injini, ila itafika saa kumi na dakika kumi.

Basi ni saa tisa na nusu. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

"Ipigie stesheni ya mwisho," Bwana Dakika alisema. "Wamtafute mke wangu, mama mwenye mkoba mwekundu. Wamwambie apande basi. Asinisubiri. Binti anamhitaji kabla ya Jumatatu, mimi nitafuata Jumanne." Kisha akaongeza, "Waseme nimesema asinisubiri hata dakika moja."

Treni ya mizigo iliendeshwa na mama wa makamo aliyekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Alimsogezea debe akalie, na walipoacha stesheni akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Wanasema ulikuwa gadi."

"Miaka thelathini na moja."

"Na treni ikakuacha."

"Nilikuwa naisubiri inifikie," alisema Bwana Dakika, na alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake aliona jinsi yalivyo ya kijinga.

Mama yule alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Kicheko kilipokwisha, Bwana Dakika, bila kuulizwa, akamsimulia hatua sita. Hakuwahi kuzisimulia yeye. Siku zote alizisikia zikisimuliwa, macho yake yako ndani ya kikombe. Sasa alizisimulia kutoka upande wake, na upande wake ulikuwa mfupi sana. Alimwona. Alijua ni yeye. Alimwona mtoto. Akapuliza.

"Ungemngoja, ungechelewa kiasi gani?" dereva aliuliza.

"Nusu dakika."

"Na hiyo barua ya pongezi ina ukubwa gani?"

Akamwonyesha kwa mikono. Mikono ikabaki hewani imeshika kijikaratasi kisichoonekana. Bwana Dakika aliona aibu, aibu ya kweli. Leo yeye ameachwa saa moja tu, kivulini, mtu mzima, hana mtoto mgongoni, na tayari alikuwa amejihurumia vya kutosha. Mkewe alikaa siku nzima. Kama amepanda basi na kuondoka, alijiambia, amefanya haki, na mimi sitatia neno.

Saa kumi na dakika kumi treni ya mizigo iliingia stesheni ya mwisho. Alishuka polepole, kwa kuwa hakuna sababu ya kuharakisha mtu anapokwenda kutazama mahali ambapo basi lilikuwa. Akazunguka kona ya ghala, akatokea kwenye uwanja wa mabasi.

Basi lilikuwepo.

Lilikuwa limejaa, mzigo juu umefungwa. Mlangoni alisimama mkewe, mguu mmoja ndani ya basi, mwingine chini ardhini, kiatu kimekanyaga vumbi kama kigingi. Utingo alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, amekata tamaa.

"Ndiye huyo?" utingo aliuliza, akiruka wima. "Mzee, ndiwe? Jamani, gadi amekuja!"

Basi zima likapiga kelele. Vichwa vilitoka kila dirisha. Ilibainika kwamba mama alianza kwa kuwaomba dakika tano. Wakamuuliza wanamsubiri nani, akawaeleza. Na huwezi kueleza aliyeachwa na treni leo bila kueleza alivyomwacha mkewe stesheni miaka ile. Abiria wakagawanyika kambi mbili. Wa upande wa dirisha walisema aachwe, dawa ya moto ni moto. Wa upande wa mlango walisema asubiriwe, ubaya haulipwi kwa ubaya. Dereva wa basi alizima injini ili asikie hoja vizuri, akajikuta naye anachangia. Ikapita dakika arobaini bila mtu kuziona.

Bwana Dakika alimwendea mkewe, akasimama mbele yake. Pasipo kukusudia alikuwa amesimama mbali kidogo, kama hatua sita.

"Hukupata ujumbe?" aliuliza. "Nilisema usinisubiri."

"Niliupata."

"Sasa?"

"Treni haiondoki bila gadi wake," mkewe alisema. "Kanuni ni yako. Nimeilisha na kuifulia nguo miaka thelathini na moja, leo nimeona niitumie."

 Bwana Dakika alizikata zile hatua sita, akamshika mkono mbele ya basi zima.

"Nisamehe siku ile," alisema. "Nilikuona. Ningeweza kungoja."

 Mkewe alimtazama muda, midomo ikicheza, mtu asijue atalia au atacheka.

"Miaka ishirini na minane," alisema mwishowe. "Nawe unasema ulikuwa huchelewi."

Wakapanda huku basi likiangua kicheko. Dereva akawasha moto. Mke akafungua zipu ya mkoba, akatoa kipenga, akamwekea mumewe kiganjani. "Haya. Mara moja tu."

Bwana Dakika alisimama mlangoni, akajaza mapafu, akakitia kipenga mdomoni. Ndipo alipomwona, kule mbali penye lango la uwanja, mwanamke anakimbia kuelekea basini, kapu kichwani, mkono mmoja unapunga. Akatazama saa yake. Saa kumi na dakika kumi na saba. Dakika arobaini na saba nyuma ya ratiba, na safari ni ndefu.

Akakitoa kipenga mdomoni.

"Mzee, vipi tena?" dereva alilalamika. "Muda unakwenda!"

"Uende," alisema Bwana Dakika. "Kuna mtu anakuja."

Basi zima likamsubiri. Mwanamke akafika, kifua kikipanda na kushuka, akatua kapu kwenye kidato cha mlango, akavuta pumzi.

"Karanga," alisema. "Nani anataka karanga?"

Mkewe alicheka mpaka akamwegemea begani. Bwana Dakika alinunua pakiti mbili, akamsaidia yule mama kujitwika kapu, akahakikisha ameshafika mbali na magurudumu. Kisha akapuliza.