Kijiko cha Oili

Injini haidanganyi ukiipima vizuri. Anayedanganya ni fundi, na fundi nilikuwa mimi.

Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi ya mashine Ifakara, kijana mwenye geji moja ya kupimia kompresheni, ile nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, na majivuno ya kutosha bonde zima. Tajiri mmoja mnunuzi wa mpunga alikuwa na boti ya petroli, injini yake imefungwa ndani, chini ya mbao za katikati. Dereva wake alikuwa Mngoni, mtu mzima aliyeoa kijiji cha Mchombe. Mimi ni Mpogoro, basi tukawa watani. Siku tusiyotukanana tulijua mmoja wetu anaumwa.

Msimu mmoja boti ikaanza kuishiwa nguvu, ikipanda mto na magunia inasuasua. Tajiri akaniita. Nilitoa plagi zote nne, nikakaza geji kwenye tundu la kwanza, dereva akazungusha hendeli. Paundi mia na kumi. La pili, hamsini na tano. La tatu, hamsini na tano. La nne, mia na nane.

Silinda ikiwa chini unaitilia kijiko cha oili, unapima tena. Mshale ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha, maana oili imeziba mwanya wake kwa muda. Usipopanda, ringi hazina kosa; na kama silinda zilizo chini ni mbili zinazopakana, basi karibu kila mara ni gasketi, kile kizibo chembamba chini ya kifuniko cha injini, iliyoungua katikati yake. Dereva alitia oili kwa mkono wake mwenyewe, akazungusha. Mshale ulisimama palepale.

Nikaishiwa nguvu kuliko boti. Kifuniko cha injini ile, pamoja na gasketi yake, nilikifunga mimi, miezi mitatu nyuma. Bolti zake hukazwa mara ya pili baada ya injini kupata moto. Sikuzikaza, kwa kuwa nilikuwa nawahi lori la Mahenge, kwenye harusi.

"Kuna nini?" tajiri akauliza kutoka ukingoni.

Nikakimbilia utani. "Muulize huyu Mngoni. Oili yote kainywa yeye, ringi zinasagana na chuma kitupu."

"Nimeinywa," dereva akasema akicheka, "na aliyenishikia kata ni wewe."

Tajiri hakucheka. Alikuwa mgeni bondeni, mambo ya watani hakuyajua. Akanigeukia mimi. "Ameendesha bila oili?"

Dereva alinitazama, bado anatabasamu, akingoja nimalize mzaha. Nikafuta geji kwa kitambaa, nikaifuta tena ilhali ilikwisha kuwa safi.

"Ni ringi, bwana," nikasema.

Siku ya pili dereva alifukuzwa kazi. Mimi nilibaki na injini. Nikakuta gasketi imeungua pale pale nilipojua imeungua, nikaitupa mtoni, kisha nikavua ringi nzima kabisa na kuweka mpya ili uongo wangu ukamilike. Naona haya hata kuliandika hili.

Alipita karakanani kwangu na mzigo wake, anarudi Mchombe kulima. Hakuniuliza kitu. Mtani hamkasirikii mtani, na nadhani nilijificha humo kwa kusudi. "Nikifa usikose matanga yangu," akasema. Nikajibu nitakuja kula kuku wake wote. Mdomo ulikuwa umezoea.

Homa ilimchukua baada ya mavuno mawili. Nikaenda kwa baiskeli, maana msiba bila mtani haujakamilika. Kama ilivyo desturi nikavaa kofia ya marehemu, nikamwigiza akizungusha hendeli, mkono hewani, watu wakaanza kucheka. Ndipo nikasimama katikati ya ua.

"Sikilizeni," nikasema. "Huyu hakuharibu injini. Niliiharibu mimi, gasketi niliifunga vibaya, nikamsingizia, akafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Wakacheka zaidi. Nikarudia polepole, machozi yananitoka, na mzee mmoja akanisifu kwamba mtani huyu analia vizuri. Mjane naye alicheka, mara ya kwanza siku ile, wakasema. Akaenda bandani, akaniletea jogoo, haki ya mtani.

Nikampokea kwa mikono miwili, nikamfunga nyuma ya baiskeli.