Siku Hawe alipomwita mchumba wangu mke mwenza, ndipo nilipojua maana ya "perplexed"

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Hii imenikuta mimi mwenyewe na sijaitia chumvi. Asiyeamini aje Gede amuulize Hawe. Hawe ndiye nyanya kwa sisi Wagiriama, huyu wangu ndiye aliyemzaa baba.

Mchumba wangu Njeri ni mtu wa bara, mwalimu wa Kiingereza hapa Kilifi, amepanga Kibarani. Wazee wangu walikuwa wajiandaa kwenda kwao kuposa. Lakini kwetu haendi mtu kuposa kabla Hawe hajaridhika, kwa hivyo nikampeleka kwanza.

Kuna jambo sikumwambia, maana kwangu ni la kawaida kama maji. Kwetu nyanya na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume. Mimi naitwa mume tangu nikinyonya.

Njeri akatoa shikamoo yake safi, aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Hawe akamtazama juu mpaka chini, kisha akanigeukia mimi.

"Mume wangu, waniletea mke mwenza bila hata kuniuliza? Nimekukosea nini?"

Shangazi zangu wakaangua kicheko. Njeri hakucheka.

Tumekaa mkeka mmoja, mara simu yangu ikalia. Ni ujumbe wa Njeri: "I am perplexed."

Jamani, Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia vinyago ufukoni. Nikaingia kamusi ya simu: kutatizika, kuchanganyikiwa. Sasa hapo umejua nini? Mtu aweza kutatizika akauliza swali, na aweza kutatizika akachukua mkoba wake akaenda zake.

Nikamwandikia haraka kwamba ni utani tu, ni mila yetu. Akajibu "Sawa."

Wenye wachumba mwaijua hiyo sawa. Nikaona posa yaota mbawa.

Hawe hana habari. Akamnyooshea mwiko. "Mke mwenzangu, mume wetu apenda sima laini. Usinitie aibu."

Njeri akasimama, akaupokea kwa mikono miwili.

"Mke mkubwa, wewe pumzika. Umempikia tangu azaliwe na bado amekonda hivi. Hebu leo nijaribu mimi."

Hawe kinywa wazi. Autazama mwiko, anitazama mimi, amrudia Njeri.

Njeri akaninong'oneza, "Hiyo sasa ndiyo perplexed."

Kisha Hawe akacheka mpaka akashika mbavu. Akavua leso yake begani, akamfunga Njeri kiunoni kwa mkono wake.

"Nendeni mkapose," akawaambia shangazi. "Mkirudi bila yeye, huyu mume namwacha, namfuata mke mwenzangu."

Funzo: kabla hujafungua kamusi, mweleze mwenzio utani wa kwenu.

Siku hizi Hawe akipiga simu amtaka mke mwenzake. Mimi naambiwa nasalimiwa tu.

Haya, mliooana bara na pwani, utani gani wa ukweni uliwatoa jasho? Tupieni hapa, nasoma huku nala sima ya Njeri. Ni ngumu, na sithubutu kusema.